Tone Juu ya Silinda

Watu wa Ng'ambo, hapa Tabora, wanasema nilijitoa roho kumwokoa mtu. Wamelisema msikitini, wamelisema sokoni, na mwanamke mmoja wa upande wa Isikizya ameniambia hivyo huku akininywesha uji kwa kijiko. Nimechoka kulisikia. Nataka niseme nilichofanya, na itabidi nianze na injini, kwa sababu bila injini hakuna atakayeelewa ukubwa wa ujinga wangu.

Pikipiki hizi za bodaboda hazina maji ya kupoza. Zinapozwa na upepo. Ubavuni mwa silinda kuna mapezi membamba ya chuma yaliyopangana, na upepo ukipita katikati yake unachukua joto na kwenda zake. Injini ikiwa kazini na haina tatizo, kichwa cha silinda kina digrii mia na ishirini, mia na hamsini, hata mia na themanini ukimpakia mtu na gunia lake la mahindi. Hiyo ndiyo afya yake. Vijana wakigusa wakaungua wanakuja mbio kwangu, "Fundi, injini imechemka!" Haijachemka, mpumbavu wewe, ngozi yako ndiyo laini.

Kipimo changu ni kopo la maji. Nachovya kidole, nadondosha tone juu ya kichwa cha silinda, natazama. Tone likitulia na kufuka mvuke taratibu, injini ina uvuguvugu tu. Likilia chwaa na kukauka pale pale, iko kazini, salama salimini. Lakini likijikunja duara na kukimbia huku na huku juu ya chuma kama gololi, halikauki, hapo joto limepita mia mbili na kuna jambo. Ama oili imepungua, ama hewa inazidi petroli, ama pikipiki imesimama mahali pamoja muda mrefu huku injini inaunguruma na hakuna upepo wa kuipoza. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda vijana. Wanadhani mwendo ndio unaochemsha. Nimewaambia mpaka koo limekauka: injini ya upepo ikikimbia kwenye lami inapumua, ikisimama inajipika yenyewe. Mwalimu mmoja wa semina alikuja na kipima joto cha kumulika, tukashindana pikipiki saba, na kopo langu halikupishana naye sana. Nilijisifu mwaka mzima.

Jina langu Adinani. Babu wa babu yangu alifika Tabora na misafara kutoka pwani, akabaki hapa kufua vyuma na kufunga mizigo ya wapagazi, na tangu hapo ukoo wetu haujatoka kwenye chuma wala kwenye hasira. Karakana yangu iko Gongoni. Bodaboda wa kijiwe cha jirani wote wananiletea pikipiki zao, na kati yao kulikuwa na desturi moja niliyoianzisha mwenyewe kwa utani.

Ilianza na Mayala, kijana mmoja mwenye domo kubwa, aliyeazima pikipiki ya mwenyekiti wao Godbless. Akaapa kwamba aliiegesha kwake akalala zake. Godbless hakumwamini, wakaja kwangu wakibishana, nikaweka tone, tone likalia chwaa. "Ulikuwa unalala na pikipiki mkikimbia ndotoni?" nikamuuliza, kijiwe kizima kikaangua kicheko. Tangu siku ile kila ubishi wa nani alikwenda wapi ukaletwa kwa fundi na kopo lake. Injini ya moto, umesafiri. Ya baridi, umelala. Nilikuwa najua kwamba mambo si mepesi hivyo, lakini nilipenda wanavyonizunguka na kusubiri nifungue mdomo. Nilijiona kadhi.

Sasa nije kwenye Jumanne ile ya mwezi wa kumi, jua likitupiga bila huruma.

Dada yangu Mwanahawa ana mtoto mmoja tu, Sabiri, miaka ishirini na minne, bodaboda. Mimi ndiye niliyemlea tangu baba yake alipofariki, mimi ndiye niliyemfundisha kushika usukani. Asubuhi hiyo alitumwa Kigwa kupeleka begi la simu za dukani. Saa tano na nusu nikapigiwa simu. Karibu na Kigwa mtu alimfunga njia kwa pikipiki, akampiga nondo ya kichwa, akampiga tena akiwa chini, akachukua begi. Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya reli aliona yote. Alisema mtu huyo alikuwa na pikipiki nyekundu isiyo na namba, na kwamba alikimbilia Tabora.

Walinitumia na picha. Taya la Sabiri lilikuwa limehama upande mmoja, na jicho la kushoto sikuliona lilipo. Niliizima simu. Halafu nikakaa juu ya kreti, spana mkononi, na nilichokuwa nakitaka duniani ni kimoja tu, kumpata mtu huyo na kumsikia akilia.

Saa sita na nusu Mayala aliingia karakanani na pikipiki yake, hata hakuzima.

"Fundi, tumemkamata! Yuko Ng'ambo, nje ya zahanati. Pikipiki nyekundu, haina namba. Anasema hajatoka pale tangu saa nne. Chukua kopo lako!"

Nilichukua kopo. Na spana sikuiacha.

Walikuwa kama arobaini, wengi wao bodaboda, na wapita njia waliokuja kuangalia. Katikati alikaa mtu kwenye vumbi, mwembamba, miaka kama thelathini na mitano, mguu mmoja hauna kiatu. Midomo ilikuwa imepasuka na shati limejaa damu kifuani. Nyuma yake pikipiki nyekundu ilisimama kwenye stendi yake. Ufunguo alikuwa nao Godbless.

"Fundi, pole sana na Sabiri," Godbless akaniambia. "Huyu tumemkuta kakaa juu ya pikipiki, injini iko hai, tayari kukimbia. Nimeizima sasa hivi tu. Anasema yuko hapa tangu saa nne. Mimi nimegusa silinda, inaunguza. Lakini hatutaki kumwonea mtu. Sema wewe."

Yule mtu akainua uso. Jicho moja lilikuwa tayari limefumba.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Mtu anatokwa na damu puani na masikioni, na bado anakumbuka kuniamkia. Sikuitikia.

"Sikuizima, fundi," akaendelea, maneno yanamtoka na damu. "Tangu nifike ilikuwa inaunguruma. Nikiizima haiwaki tena, kiki ya kuwashia ni mbovu. Hawa ndio wameizima. Mke wangu yumo humo ndani na mtoto, katundikiwa dripu. Waulizeni tu, jamani, jina langu Lugembe, natokea Isikizya."

Mmoja akamkanyaga mdomoni kwa buti. Mlango wa zahanati ulikuwa umefungwa kwa ndani, na hakuna aliyekwenda kuugonga.

"Muda wa saa mbili na nusu anaacha pikipiki inaunguruma," Mayala akawaambia watu, "kwa bei ya petroli hii! Huyu kisima anacho kwao?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nataka hilo lijulikane.

Nikachuchumaa kando ya injini. Nikachovya kidole, nikadondosha tone.

Tone lilicheza. Lilijikunja, likakimbia kutoka plagi mpaka ukingoni, likarudi, likaanguka. Nikaweka la pili, likacheza. Nikaweka la tatu. Naapa kwa Mwenyezi Mungu niliyaona yote matatu kwa macho yangu haya, na nilikuwa najua maana yake kama ninavyojua jina la mama yangu. Pikipiki iliyotoka Kigwa kwa mbio, upepo unaipiga kifuani kilomita arobaini, tone lake lingelia na kukauka. Kilichokuwa mbele yangu ni injini iliyosimama. Kopo langu lilikuwa linasema kweli tupu, linamtetea yule mtu mbele ya watu wote, na aliyeielewa lugha yake pale nilikuwa mimi peke yangu.

Lakini kichwani mwangu kulikuwa na taya la Sabiri.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Imetoka mbali. Imetoka mbali, tena kwa mbio."

Halafu nikawa wa kwanza. Nilimpiga Lugembe spana ya bega, nikasikia mfupa ukikatika, naye akatoa sauti ile niliyokuwa naitaka. Baada ya hapo sikumwona tena, kwa maana watu walimfunika. Walimpiga kwa kofia za pikipiki, kwa mnyororo, kwa tofali. Mzee mmoja mwenye kanzu, mtu ninayesali naye safu moja, alimpiga kwa fimbo yake huku akihesabu. Kila pigo lilikuwa na mlio wake. Kofia inagonga na kurudi. Tofali haligongi, linazama.

Nikashusha spana. Si huruma, nisijipambe, ni hasira iliyokwisha na kuniacha mtupu. Nikarudi nyuma nikaegemea pikipiki. Wakati huo Mayala alikuwa amechomoa mpira wa petroli chini ya tangi na anajaza chupa ya maji, na kila mtu alielewa ni ya nini. Nikatafuta pa kuweka mguu nisianguke, nikaukanyaga mkono wa kiki.

Ukashuka wenyewe. Haukushika kitu.

Nikakanyaga tena. Ukashuka mpaka chini, mwepesi, meno yake ya ndani yameisha yote. Pikipiki hiyo hakuna mtu angeiwasha kwa kiki, hata angekuwa na miguu minne. Nikainua kiti. Betri haikuwamo, waya zimefungwa kwa gundi ya plasta. Nikatazama chini ya injini. Kulikuwa na doa la oili kwenye vumbi, tone juu ya tone mahali pamoja, limetanuka likafika upana wa sahani. Doa kama lile halitoki kwa dakika kumi. Mtu huyu alikuwa amekaa pale pale tangu saa nne, akiogopa kuzima, maana akizima nani atamsukumia pikipiki amrudishe mtoto wake mgonjwa nyumbani?

"Acheni!" nikapiga kelele. "Siye! Acheni, siye!"

Hakuna aliyegeuka. Nikamshika Godbless kifuani.

"Kiki mbovu, betri haina, tazama oili hapa chini! Alikuwa kasimama! Tone limecheza, Godbless, likicheza maana yake imesimama, nimewafundisha mara ngapi?"

"Fundi, si umesema mwenyewe imetoka mbali?"

"Nimekosea!"

"Hujakosea," akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Umeogopa damu. Kaa pembeni, mzee, tutamalizia sisi."

Hapo nikaona kazi ya mdomo wangu. Miaka yote nilitaka neno langu liwe la mwisho, na sasa lilikuwa la mwisho, hata mimi mwenyewe sikuweza kulirudisha.

Mayala alikuwa anapita na chupa. Nilimpiga spana ya kiwiko, chupa ikaruka, petroli ikamwagikia mkononi na kifuani mwangu. Akanigeukia na kunipiga kichwa cha pua. Nikauma kitu, nadhani ni sikio lake, nikasukuma, nikaanguka, nikatambaa katikati ya miguu ya watu mpaka nikamfikia Lugembe, nikamlalia. Sikujua njia nyingine. Nilikuwa nanuka petroli, na nikasema moyoni kwamba wakiwasha, watawasha wawili.

Mapigo yaliyokuwa yake yakawa yangu. Tofali lilikuja kwenye mkono wa kushoto niliokuwa nimefunika nao kichwa chake, likauvunja mara mbili, chini ya kiwiko na kwenye kifundo. Mnyororo ukanichana mgongo. Niliwasikia wakiitana majina, vijana ninaowajua toka wakiwa shule ya msingi, na mmoja akisema, "Mtoeni fundi, mtoeni kwanza!" na mwingine akijibu, "Kama anataka kufa naye mwache afe." Chini yangu Lugembe alikuwa anavuta pumzi kwa shida, na kila pumzi ilitoka na povu la damu likanilowesha shingo. Kisha nikasikia kibiriti kikitikiswa, vijiti ndani vikilia.

Kilichozuia kijiti ni kioo. Dirisha la zahanati lilivunjika, na mwanamke akatoka kupitia hapo hapo, khanga imechanika, mtoto wa kike wa miaka minne kambeba ubavuni. Mkono mmoja alikuwa ameinua juu chupa ya dripu, na mpira wake ulikuwa bado umeingia mkononi mwa mtoto. Wauguzi walikuwa wamemzuia mle ndani kwa ajili ya usalama wake. Hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja, watu wakampisha, akasimama juu yetu na dripu yake imeinuliwa.

Kila alichosema yule mtu kilikuwa kimesimama pale mbele ya watu arobaini: mke, mtoto, dripu. Mwenye kibiriti akakiweka mfukoni. Mmoja akawasha pikipiki yake akaondoka, wa pili akamfuata, na gari la polisi lilipofika kwenye kona walibaki wapita njia tu, wakisema wao ndiyo kwanza wanafika.

Hospitali walitulaza wodi moja, vitanda jirani. Mwanamke yule aliitwa Koleta, na mtoto ni Kulwa, maana ana pacha wake Doto aliyeachwa kwa bibi. Malaria ya Kulwa ilipoa siku ya pili, akawa anacheza chini ya kitanda cha baba yake. Lugembe hakuzinduka. Kichwa kilivimba mpaka bandeji zikawa hazitoshi, na bega lililovunjwa na spana lilifungwa vizuri sana, kama kwamba atakuja kulitumia.

"Wameniambia, fundi," Koleta akasema jioni ile ya kwanza, ameketi katikati ya vitanda viwili, bakuli la uji mapajani. "Wewe ndiye uliyemlalia mume wangu. Mtu hujui hata jina lake."

Nilijua jina lake. Aliniambia mwenyewe. Nikafungua mdomo niseme, na yeye akautia kijiko cha uji.

Nilikunywa. Siku tatu nilikunywa uji wa mke wa mtu niliyemuua, nikasema "ahsante, mama Kulwa," nikageukia ukuta. Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, pumzi ya kitanda cha pili ikakatika, ikarudi, ikakatika moja kwa moja. Koleta alilaza kichwa juu ya miguu ya mumewe. Kisha, kati ya watu wote duniani, alinyoosha mkono akashika wangu uliobaki mzima.

Sabiri alipona, taya lake likafungwa waya. Aliyempiga alikamatwa wiki iliyofuata njia ya Itigi akiwa na begi lile lile, mtu mnene mwenye ndevu, hafanani na Lugembe hata kwa kivuli. Godbless na wenzake sita wako mahabusu. Mayala alitoroka. Polisi walipokuja kuchukua maelezo yangu nilieleza mambo ya tofali na kibiriti. Habari ya kopo hawakuniuliza, na mimi sikuitoa. Godbless aliitoa, lakini nani amsikilize Godbless, wakati mtu mzima na mkono wa plasta ameshasifiwa na imamu mbele ya msikiti mzima?

Wiki ya sita Koleta alikuja karakanani, kichwani kitambaa cheusi cha msiba. Familia ilikuwa imekabidhiwa pikipiki, na mimi nilikuwa nimeomba niletewe niitengeneze kiki. Nilikuwa nimebadilisha meno yote ya ndani, nimetia betri, nimeziba pale palipokuwa panavuja.

"Shikamoo, fundi."

 Nikamwonyesha pikipiki tu. Alipandisha khanga akapanda, alifundishwa na mumewe kuendesha, akakanyaga kiki mara moja. Injini ikaitika. Na Koleta akatabasamu, mara ya kwanza namwona akitabasamu.

"Lugembe angeona hii! Kila asubuhi alikuwa anakaa juu, mimi nasukuma, watoto wanacheka. Nilikuwa namwambia, siku moja utanitoa mgongo."

"Mama Kulwa," nikasema, "zima kwanza. Kuna neno."

"Sema tu, nakusikia."

Hakuzima. Nikasema, injini ikiunguruma katikati yetu. Nikaanza na "shikamoo, fundi" aliyoniamkia mumewe nisiitikie, nikaja kwenye matone matatu na maana yake, nikaja kwenye neno langu mbele ya watu, nikamaliza na spana na bega. Sikumwambia habari za taya la Sabiri. Nilihisi nikilitaja tu nitakuwa najitetea.

Alishuka. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Aliiacha pikipiki kwenye stendi, inaunguruma, jua la saa nane liko juu yake.

"Kopo liko wapi?"

"Kopo gani?"

"Ulilompimia mume wangu."

Nikamletea. Akaliweka chini kando ya gurudumu, akavuta kreti langu akaketi, mikono mapajani. Tukasubiri. Wateja wawili walikuja, wakatuona, wakaondoka. Majirani wakaanza kusogea mlangoni, mzee mwenye kanzu akiwa mmoja wao. Joto la injini lilinifikia usoni, likazidi, harufu ya oili iliyopata moto ikajaa karakana. Koleta aliketi pale pale kwa muda wa dakika arobaini. Kisha akachovya kidole, akadondosha tone juu ya kichwa cha silinda.

Lilijikunja. Likakimbia kutoka plagi mpaka ukingoni, likarudi.

Akaweka la pili. Akaweka la tatu, akalitazama mpaka likaanguka. Akaniinulia macho.

"Fundi, hii pikipiki imetoka wapi?"

"Haijatoka popote," nikasema. "Imesimama."

"Sikusikii. Siku ile ulisema kwa sauti, watu wote wakasikia."

Nikageukia mlangoni, kwa majirani, kwa mzee mwenye kanzu, kwa Gongoni nzima.

"Haijatoka popote!" nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Imesimama! Ilikuwa imesimama!"

Mzee wa kanzu akainamisha kichwa. Koleta akafunga vizuri kitambaa chake, akapanda pikipiki, akaingiza gia na kuondoka bila kuniaga. Nilimfuata kwa macho mpaka alipoishika barabara ya Nzega, upepo ukaanza kuipoza injini. Halafu nikafunga karakana, nikachukua kopo na spana, nikaenda kwa miguu kituo cha polisi.